Steringi amekufa, mbona sinema haijafa?

MWEZI Februari mwaka 2025 kampuni ya Amazon ya Marekani ilitangaza makubaliano na Barbara Broccoli na Michael G. Wilson, ndugu wa mama mmoja ambao kwa miaka mingi ndio waliokuwa wakiamua kila jambo kuhusu sinema za James Bond. Kwa makubaliano hayo, neno la mwisho juu ya sinema hizo lilihamia Amazon, ambayo mwaka 2022 ilikuwa imeinunua kampuni ya MGM kwa zaidi ya dola bilioni 8.

Mwezi Juni mwaka huo huo akatajwa mwongozaji, Denis Villeneuve wa Canada, aliyeongoza sinema za Dune. Muda si mrefu akatajwa mwandishi, Mwingereza Steven Knight. Wapenzi wa sinema hizo wakagawanyika makundi mawili. Wapo wanaotaka mambo yabaki kama yalivyozoeleka: suti nyeusi, gari la kifahari na adui mwenye kichaa cha kutaka kuitawala dunia. Wapo wanaosema kwamba bila mabadiliko mfululizo huu utakufa kifo cha uzee.

Ndugu msomaji anaweza kuuliza, ugomvi huo unamhusu nini mwalimu wa Kiswahili wa Isingiro, wilaya ya migomba na ng'ombe?

Unanihusu kwa sababu mbili. Kwanza, vijana ninaowafundisha, wenyeji kwa wakimbizi wa Nakivale, wamelelewa na sinema za namna hiyo kuliko walivyolelewa na vitabu. Pili, swali la kuthubutu au kujihami si la wakubwa wa Hollywood peke yao. Nasi huku tunao mfululizo wetu, wenye umri mkubwa kuliko sinema za James Bond, na umedumaa kwa woga ule ule. Nitaufikia.

Sheria ya kibanda cha video

Anayeingia katika vibanda vya video vya Mbarara, au vile vya mabati na maturubai kule Nakivale, anaijua sheria moja ambayo haikuandikwa ukutani: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa baharini, lakini hafi. Mtazamaji analipa shilingi zake mlangoni akilijua hilo. Wasiwasi wake si kama steringi atapona, bali atapona kwa njia gani.

Sheria hiyo ndiyo mtaji wa kila mfululizo mrefu. Mteja hanunui kitu kipya, ananunua uhakika. Ni kama mtu anayerudi kwa mama ntilie yule yule kila mchana kwa sababu mchuzi wake anaujua.

Basi mwaka 2021, katika No Time to Die, sinema ya 25 ya mfululizo, wenye James Bond walimuua. Hakuzimia wala hakujificha. Alikufa kisiwani, makombora yakimshukia, na mtazamaji anaona. Kijana mmoja darasani kwangu, mzaliwa wa Kivu aliyekulia Nakivale, aliniambia kwa hasira: "Mwalimu, hiyo si sinema. Hao wamekula hela zetu tu."

Hasira yake naielewa. Hata hivyo tutazame hesabu. Sinema hiyo iliingiza dola zipatazo milioni 770 duniani kote, tena wakati kumbi nyingi zilikuwa ndiyo kwanza zinafunguliwa baada ya kufungwa kwa ajili ya Uviko-19. Steringi alikufa, sinema haikufa. Tujiulize, ilikuwaje?

Waliothubutu na waliojihami

Sinema ya kwanza ya James Bond, Dr. No, ilitoka mwaka 1962. Iligharimu kiasi cha dola milioni moja, na steringi wake, Sean Connery wa Scotland, hakuwa na jina kubwa. Kufikia mwaka 1967 zilikuwa zimetoka tano, fedha zikimiminika. Connery akachoka, akaondoka.

Mwaka 1969 waliokuwa wakizitengeneza, Albert Broccoli na Harry Saltzman, walithubutu kweli kweli. Walimchukua George Lazenby, kijana wa Australia ambaye alikuwa mwanamitindo na hakuwa amezoea sinema. Wakambadilisha na Bond mwenyewe. Katika On Her Majesty's Secret Service Bond anapenda kwa dhati, anaoa, na siku ile ile ya harusi mkewe anapigwa risasi. Sinema inaishia hapo, bwana harusi amempakata maiti.

Mapato yalishuka yakilinganishwa na ya sinema iliyotangulia. Lazenby hakuendelea. Mwaka 1971 wakamrudisha Connery kwa malipo ya dola milioni 1.25, fedha ambazo wakati ule zilikuwa za kushangaza kwa mwigizaji mmoja. Wakatengeneza sinema ya mzaha na vituko, watu wakarudi, nao wakajifunza somo baya: tusithubutu tena.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Akaja Roger Moore, ambaye kati ya mwaka 1973 na 1985 aliigiza sinema saba. Nyingi zinachekesha na kuburudisha, lakini mtu aliyeziona tatu anaweza kukusimulia nne zilizobaki.

Hapo katikati kuna kisa kinachostahili kuangaliwa vizuri. Mwishoni mwa sinema ya mwaka 1977 watazamaji waliahidiwa kwamba inayofuata itakuwa For Your Eyes Only. Mwaka huo huo ikatoka Star Wars, dunia nzima ikawa inazungumza habari za anga. Ahadi ikawekwa kando, Bond akapelekwa angani katika Moonraker ya mwaka 1979, nayo ikaingiza zaidi ya dola milioni 200.

Wapo wanaoiita hiyo ni kuthubutu, kwa kuwa jasusi wa mjini alirushwa kwenye nyota. Mimi sikubali. Ule ulikuwa woga uliovaa nguo za angani. Mwoga huuliza: jirani yangu ameuza nini? Mwenye kuthubutu huuliza: hadithi yangu bado haijasema nini? Kufuata upepo si ujasiri, hata kama upepo wenyewe umekufikisha mbali.

Mwaka 1989, katika Licence to Kill, Bond wa Timothy Dalton alikuwa mkali, mwenye kisasi, asiyetania. Marekani haikumpokea vizuri. Ikafuata migogoro ya kisheria kati ya makampuni, na kwa miaka sita hapakuwa na sinema. Katika muda huo Umoja wa Kisovieti ukavunjika, na watu wakaanza kuuliza jasusi wa Vita Baridi ana kazi gani tena.

Jibu lilikuja mwaka 1995 katika GoldenEye. Badala ya kulikwepa swali, walilitia ndani ya sinema yenyewe. Mkuu wa majasusi akawa mwanamke, Judi Dench, na anamwambia Bond usoni kwamba yeye ni mabaki ya zama zilizopita. Pierce Brosnan akaupa mfululizo uhai mpya.

Miaka saba baadaye, katika Die Another Day ya mwaka 2002, tukaonyeshwa gari lisiloonekana kwa macho. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Lakini ngoma hiyo ilikuwa bado inalipa: sinema iliingiza zaidi ya dola milioni 430, fedha ambazo hakuna sinema ya Bond iliyokuwa imewahi kuzifikia hadi wakati ule.

Hapo ndipo ulipo ujasiri mkubwa kuliko yote. Barbara Broccoli na Michael G. Wilson waliacha njia iliyokuwa ikiwalipa. Wakaagana na Brosnan, wakarudi kwenye kitabu cha kwanza cha Ian Fleming cha mwaka 1953, Casino Royale, na kumchukua Daniel Craig. Wapenzi wa Bond wakapiga kelele kwamba nywele zake ni za rangi ya dhahabu, wengine wakataka sinema isusiwe. Ilipotoka mwaka 2006 iliingiza karibu dola milioni 600. Mwaka 2012 Skyfall ikavuka bilioni moja.

Na ile sinema ya mwaka 1969 iliyoonekana kuwa hasara? Leo wapenzi wengi wa Bond wanaihesabu miongoni mwa zilizo bora. Wakati wa kumuua steringi ulipofika mwaka 2021, watengenezaji waliufufua wimbo wa Louis Armstrong uliotumika katika sinema ile ya bwana harusi na maiti. Jambo lililohesabiwa hasara lilikuwa limekaa miaka 52 kama akiba, likatolewa siku ilipohitajika.

Msala upitao

Wapo watakaoniambia kwamba ni rahisi kuhubiri ujasiri kwa fedha za wengine. Wana hoja. Sinema ya Bond siku hizi inagharimu zaidi ya dola milioni 200, na nyuma yake wapo mafundi, madereva, washonaji na wapishi wanaoitegemea. Mtazamaji naye ana haki yake. Aliyelipia mchuzi aliouzoea asiletewe maji ya moto akaambiwa ni ubunifu. Wazee walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Nakubali. Ndiyo maana historia hiyo haisemi kwamba kila kuthubutu kunalipa. Inasema jambo jingine, na kwa mtazamo wangu ndilo kubwa zaidi: anayeweza kuthubutu ni yule mwenye mali, anayeijua hadithi yake mpaka kwenye mifupa. Barbara Broccoli ni binti wa mzee Albert. Alikulia ndani ya sinema hizo. Aliweza kumuaga Brosnan akiwa bado anauza, na miaka 15 baadaye kumuua Bond, kwa sababu alijua kipi ni moyo wa hadithi na kipi ni nguo tu. Meneja aliyeajiriwa jana hawezi kufanya hivyo. Atalinda kila kifungo cha suti, maana hajui ni kipi kikikatika suti itaanguka.

Naam, mwenye mali naye anaweza kuogopa, kama tulivyoona mwaka 1971. Lakini asiye na mali hapati hata nafasi ya kuchagua kati ya woga na ujasiri. Kwa hiyo swali kuhusu Amazon si kama wana fedha za kutosha. Swali ni kama wataishi na hadithi hiyo muda wa kutosha kuacha kuiogopa.

Mbale ya Buckinghamshire

Sasa nirudi nyumbani. Katika hiyo hiyo Casino Royale ya mwaka 2006, sinema iliyosifiwa kwa kubadilisha kila kitu, mwanzoni kuna maandishi yanayotuambia kwamba tupo Mbale, Uganda. Tunaona kambi ya waasi msituni na wanaume wenye bunduki. Kiongozi wao, aliyeigizwa na Isaach de Bankolé mzaliwa wa Ivory Coast, anakabidhi fedha zake kwa adui mkuu wa sinema. Baadaye anamfuata hotelini Ulaya akiwa na panga.

Anayeijua Mbale anajua kwamba ni mji wa mashariki, chini ya Mlima Elgon, mji ambao zamani ulisifika kwa usafi kuliko miji mingi ya Uganda. Vita vya waasi wa LRA vilikuwa kaskazini, na mwaka 2003 vikaingia Teso. Mbale haikuwa makao yao. Msitu ulioonyeshwa haupo hata Uganda. Ni Black Park, bustani ya umma huko Buckinghamshire, Uingereza, karibu na studio za Pinewood.

Mwezi Julai mwaka 2006 mazungumzo ya amani kati ya serikali ya Uganda na LRA yalianza mjini Juba. Mwezi Novemba, watu wa kaskazini wakisubiri kujua kama watarudi mashambani mwao, dunia ikaonyeshwa Mbale ya Buckinghamshire.

Tatizo langu si kwamba sinema ilisema uongo. Sinema ni hadithi. Nasema kwamba watengenezaji walithubutu kumbadilisha steringi, nywele zake, moyo wake na hata namna anavyoua, lakini walipofika kwetu walichukua picha ya Afrika iliyokuwa tayari kabatini: msitu, mwasi, panga. Katika meza iliyoamua hayo hapakuwa na mtu wa Mbale aliyeketi kama mwenye hadithi. Asiyekuwepo mezani huigizwa na mazoea.

Mwaka huo huo ilitoka The Last King of Scotland, iliyopigwa hapa Uganda, na Forest Whitaker akapata tuzo ya Oscar kwa kumwigiza Idi Amin. Hapo angalau barabara ni zetu na sura nyingi ni zetu, akiwemo Abby Mukiibi. Hata hivyo habari yenyewe ilikuwa ni Amin, kana kwamba Uganda ina hadithi mbili tu: Amin na waasi.

Kwamba inawezekana kufanya vingine ilionekana mwaka 2018. Kampuni ya Marvel ilikuwa imekwisha kutoa sinema 17 za mfululizo wake ilipotoa Black Panther, ambayo karibu waigizaji wake wote wakuu ni weusi na nchi yake ya kubuni, Wakanda, ni tajiri na haikutawaliwa na mkoloni. Humo wamo Lupita Nyong'o wa Kenya, Florence Kasumba aliyezaliwa Kampala, na Daniel Kaluuya ambaye wazazi wake ni Waganda. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 na kupata tuzo tatu za Oscar. Mwongozaji wake, Ryan Coogler, ni Mmarekani mweusi aliyeileta hamu yake mwenyewe kwenye meza ile. Wakanda si Afrika, najua. Lakini woga wa miaka mingi kwamba sinema ya watu weusi haitauzika duniani ulivunjwa.

Mifano ya karibu

Tusiwaseme wageni peke yao. Majirani zetu wa Tanzania walikuwa na Bongo Movie, na katika siku za marehemu Steven Kanumba kanda hizo zilifika mpaka vibanda vya Nakivale. Baadaye mazoea yakatawala: mapenzi ya watu watatu, ugomvi wa mirathi, mama mkwe mchawi, hadithi moja ikikatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili iuzwe mara mbili. Wizi wa kazi uliumiza soko, na mabadiliko ya teknolojia yakalimaliza soko la DVD. Lakini jambo jingine lilichangia. Wasanii wengi waliuza haki zote kwa msambazaji, naye aliitaka kanda iliyofanana na ile iliyouzika mwezi uliopita. Asiyemiliki kazi yake hana sauti ya kusema safari hii tujaribu jingine.

Kinyume chake tazama Wakaliga, mtaa wa Kampala. Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha ambazo husemwa hazikufika dola 200, bunduki zikiwa za vyuma chakavu, na sauti ya VJ Emmie ikitania juu ya kila tukio. Waandaaji wenye fedha pengine wangemcheka. Lakini kamera yake, uwanja wake na hadithi yake vilikuwa mali yake, hakuna aliyeweza kumkataza. Leo jina la Wakaliwood linajulikana mbali.

Na VJ mwenyewe ni somo. VJ Jingo wa Uganda, DJ Afro wa Kenya, Lufufu wa Tanzania, na wale wa agasobanuye wa Rwanda, wote walipokea sinema za watu wengine wasizoweza kubadili hata picha moja. Wakazibadili kwa maneno. Wakampa adui jina la mtaani, wakaeleza hasira ya steringi kwa mithali za nyumbani. Mtazamaji wa kibandani haendi kusikia tafsiri, anakwenda kumsikia VJ akijipa umiliki wa kitu ambacho si chake.

Mfululizo wetu

Niliahidi kuufikia mfululizo wetu. Nakivale ilifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, miaka minne kabla ya Dr. No, na mwaka 1960 ikatambuliwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi. Tangu hapo wamepita humo na kubaki Warwanda, Warundi, Wakongo, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengine, na leo wapo zaidi ya laki moja. Kila msimu wanakuja watu na kamera. Na sinema inayotoka ni ile ile.

Inaanza na mtoto pekupeku kwenye bomba la maji. Muziki wa huzuni unafuata. Mama anasimulia vita, machozi yanamtoka, kamera inasogea karibu. Gari jeupe linaingia. Kisha tunaona cherehani, au mbuzi, au cheti cha mafunzo. Mama anatabasamu na kushukuru. Mwisho.

Tazama vizuri, utagundua kwamba steringi wa sinema hiyo si mkimbizi. Steringi ni msaada. Mkimbizi ni yule mtu wa pembeni anayeokolewa, ambaye jina lake mtazamaji halikumbuki taa zikiwashwa.

Sisemi machozi yale ni ya uongo, wala kwamba msaada hauhitajiki. Unahitajika sana. Nasema picha hiyo imekuwa suti nyeusi ya James Bond: inavaliwa kwa sababu ilivaliwa jana. Ndani yake mkimbizi haruhusiwi kutania, kukasirika, kubishana juu ya mipaka ya ardhi na mwenyeji wa Isingiro, kuwa mchoyo, au kuwa na duka linalomkopesha mwenyeji huyo huyo. Na hayo yote yapo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea. Barabara ya Nakivale hadi Mbarara, kilomita kama 60, imejaa watu wanaoitumia haki hiyo kila alfajiri wakiwa na magunia ya mahindi. Sinema yao nani ameiona?

Jambo hili nalifahamu tangu utotoni. Wazazi wangu walifukuzwa Ankole mwaka 1982 nikiwa mtoto mdogo, tukavuka Mto Kagera na kuingia Tanzania. Huko nilisoma msingi, kwa Kiswahili hiki ninachokiandika, kisha sekondari, hadi niliporejea nikiwa kijana. Katika shule moja ya huko tuliambiwa siku ya wageni tuje bila viatu, hata wale wachache tuliokuwa navyo. Wageni walipiga picha zao. Hakuna aliyetuuliza kama tuna viatu.

Mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipokifanya Kiswahili kuwa somo la lazima kwa madarasa mawili ya mwanzo hapa Uganda, nilianza kupata insha nyingi zaidi za watoto wa Nakivale. Nikiwapa kichwa "Maisha yangu", wengi huandika filamu ile ile: vita, njaa, msaada, ahsanteni. Watoto waliozaliwa hapa hapa Isingiro, ambao vita hawakuviona kwa macho, nao wanaanza na vita.

Binti mmoja nilimrudishia insha nikamwambia aniandikie jana yake tu. Aliandika jinsi anavyomsaidia shangazi yake kuuza nyanya sokoni: Mkongo anamtajia bei kwa Kiswahili, Mnyankole kwa Kinyankole, na mteja wa Kinyarwanda anamwita dada ili apunguziwe. Kila lugha ina bei yake, aliandika, na shangazi hajui. Nilicheka peke yangu ofisini. Hiyo ndiyo sinema ambayo gari jeupe halijawahi kuipiga.

Hapa ndipo penye hatari ninayoiona. Amazon wakikosea, watapoteza fedha na watatengeneza nyingine. Sisi tukiendelea na mazoea haya, tunapoteza kitu ambacho hakina toleo la pili: mtoto anayejifunza kusimulia maisha yake mwenyewe kama mtu wa pembeni. Atakapoomba kazi, atakapogombea uongozi, atakaporejea kwao siku moja kama mimi nilivyorejea, ataongea kwa sauti ya anayeokolewa.

Nini kifanyike? Kwa wanaofadhili filamu kuhusu Nakivale, nawaomba jambo moja gumu: waacheni wenye hadithi wawe na neno la mwisho juu ya kitakachobaki na kitakachokatwa. Kuwapa simu na mafunzo ya siku tano huku hadithi ikiamuliwa ofisini si kuwapa umiliki. Msishangae wakiondoa machozi. Msishangae wakitia utani, au wakamfanya mkimbizi mwenzao kuwa adui. Huko ndiko kuthubutu kunakoanzia.

Kwa walimu wenzangu, tusikubali insha ya vita kwa sababu tu inatuliza na ina alama za uhakika. Kwa vijana wa Mbarara na Nakivale wanaorekodi filamu kwa simu na kuzigawa kwenye flashi, msiige bunduki za Hollywood kwa sababu zimeuza. Nabwana alipotumia bunduki za bandia alizifanya kichekesho chake, hakuzifanya Moonraker.

Nao wenye James Bond wapya, kama siku moja watataka tena kuandika Uganda kwenye kioo, nauli ya kuja haitawashinda. Mbale ipo, na mlima wake upo. Watakapokuja watamkuta mtu wa kuwaambia kisa ambacho hakimo kabatini mwao, endapo leo tutamzoesha kukisema.

Steringi wa kweli, ndugu msomaji, anaweza kufa sinema ikaendelea. Isiyoendelea ni ile ambayo mwenyewe hajawahi kuruhusiwa kuwa steringi. Ya Nakivale ina umri wa zaidi ya miaka 65. Ni zamu ya nani sasa kuiongoza?